Mshenga wa Makauboi

Usiku wa jana niliota gari la sinema limerudi kijijini kwetu Mwagala, na mwamvuli wangu ulikuwa umeshaniwekea nafasi mbele.

"Umechelewa," mwamvuli uliniambia. "Wamekaribia pale panapokatika."

Sikushangaa kuusikia ukisema. Nimekwenda nao kwenye posa nyingi, na siku zote nimehisi kwamba una maoni yake. Mimi naitwa Ndaki, na kazi yangu ni ushenga. Kijana akitaka kuoa, mimi ndiye ninayekwenda kwa kina binti kumsemea, na mwamvuli huu mweusi ndio alama yangu. Nikifika nausimamisha nje, kando ya mlango. Wenyeji wakikubali posa, mmoja wao anatoka kimyakimya, anauchukua na kuutundika ndani kwao. Wakikataa, nikitoka naukuta palepale nilipouacha, nauchukua, naaga. Hakuna anayetukanwa wala anayeaibika. Nyumbani kwangu hauingii ndani. Mke wangu Nyanzobe anasema kitu kilichosimama kwenye milango ya watu wote hao hakitalala naye chini ya bati moja, basi nauacha nje.

Picha lenyewe nalijua. Kila mtu wa rika langu hapa Mwagala analijua, ila nusu tu. Gari lilikuja mara moja tukiwa watoto, wakatundika shuka jeupe kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, wakatuonyesha picha la kauboi lisilo na rangi. Wanaume wawili wanampenda mwanamke mmoja katika mji mdogo wenye vumbi. Kiingereza hatukukijua, kwa hiyo bwana wa kipaza sauti, Bwana Faraji, alitusimulia kila kitu mwenyewe. Aliwasemea wote, watu na farasi, kwa sauti moja, na siku ile alikuwa na mafua. Majina tuliwapa sisi. Aliyevaa beji kifuani tulimwita Nyota, aliyefunga kitambaa shingoni tukamwita Kitambaa. Mwanamke tulimwita Yule Dada.

Kuelekea mwisho wanaume wanasimama barabarani, kila mmoja mkono kwenye bastola. Yule Dada anatoka kibarazani na kufungua mdomo. Hapo mkanda ukaungua, ukakatika. Asubuhi gari likaondoka, na halikurudi tena.

Tumebishana tangu siku hiyo. Alitaka kumtaja nani? Na kati ya wale wawili, steringi, yaani shujaa wa picha, alikuwa yupi, maana kila mtoto anajua kwamba steringi hafi? Hata rangi ya kile kitambaa tumeibishania mpaka mvi zimetuota. Mimi nasema kilikuwa chekundu. Rafiki yangu Shija anasema kijani. Nyanzobe, ambaye siku ile alikuwa msichana mdogo na alikaa nyuma ya shuka pamoja na wale waliokosa nafasi, anasema kilikuwa cha njano. Huwa tunamcheka. Picha halina rangi, tena yeye aliliona kwa nyuma, kulia kukiwa kushoto, halafu anatuambia njano.

Basi, katika ndoto, shuka limetundikwa palepale kwenye uwanja wa mnada. Watu wamejaa. Yule Dada anatoka kibarazani. Anafungua mdomo, na mkanda unaanza kutetemeka. Najua kinachofuata.

"Utakaa tu?" mwamvuli unauliza.

"Nifanye nini?"

"Wewe ni mshenga au ni mtazamaji?"

Niliinuka. Nikashika pindo la shuka, nikalinyanyua kama mtu anayeingia kwenye chandarua, nikapita. Upande wa pili Mwagala haikuwepo.

Palikuwa na anga. Mimi nimekulia mbugani, kwetu ni tambarare mpaka macho yanachoka, na nilidhani ninajua anga ni nini. Sikuwa nikijua. Hili lilianzia miguuni pangu. Mbali kabisa ilisimama milima iliyokatwa bapa juu, mikubwa, kimya, imetulia kabisa. Kila kitu kilikuwa cha kijivu: ardhi, nyumba za mbao, mikono yangu mwenyewe. Jua lilikuwa utosini na halisogei. Nilitaka kulia na sikujua ni kwa nini. Niliinua mkono kuvua kofia kwa heshima, nikakumbuka sina kofia, nikaushusha.

"Funga mdomo," mwamvuli ulisema kwa sauti ya chini. "Vumbi litaingia."

Walikuwa barabarani, Nyota huku na Kitambaa kule, mkono kwenye bastola, vilevile walivyokuwa. Mara ya mwisho kuwaona mimi nilikuwa mtoto na wao watu wazima, kwa hiyo nikainamisha kichwa.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia kwa pamoja. Ilikuwa sauti ya Bwana Faraji, na mafua yake. Kisha wakaziona mvi zangu. Walitazamana kwa mashaka. "Shikamoo, mzee," wakasema.

"Marahaba. Mnangoja nini hapa?"

"Tunangoja aseme," Nyota alijibu, akinyoosha kidevu kuelekea kibarazani. "Alifungua mdomo, mara pakawa giza. Tangu hapo tumesimama."

"Na akisema?"

"Akimtaja huyu, mimi nampiga risasi. Akinitaja mimi, huyu ananipiga. Atakayebaki ndiye steringi."

"Kwani steringi hajulikani?"

"Mwanzoni nilidhani ni mimi," alisema Kitambaa. Alipiga chafya. "Sasa nimekaa sana juani. Sina hakika tena."

"Mmoja lazima afe," alisema farasi aliyefungwa mbele ya baa, naye kwa sauti ileile. "Ndio utaratibu wa hapa. Si mimi niliyeuweka, kwa hiyo usinitazame hivyo."

Hapo hasira zikanipanda. Mimi ni mtu mpole, lakini kazi yangu naiheshimu, na sijawahi kuona posa iliyoharibiwa kiasi kile.

"Mshenga wenu yuko wapi?" niliwauliza.

Hawakujua mshenga ni nini. Ikabidi niwaeleze, palepale juani, tangu mwanzo. Wakanisikiliza kwa adabu.

"Watu wazima wawili wenye ndevu," nikamalizia, "mnakwenda kuoa na bastola mkononi, hamna mtu wa kuwasemea. Haya, mwenyewe mmemwuliza?"

"Kumwuliza nini?"

"Kama anataka. Na anamtaka nani."

Farasi aligeuka akatazama upande mwingine.

"Jina lake nani?"

"Dada," alisema Nyota. Baadaye, kwa aibu: "Bwana Faraji hakulitaja."

Nikaukung'uta mwamvuli vumbi. "Basi mimi ndiye mshenga wenu," nikasema.

"Wa nani kati yetu?" Kitambaa aliuliza.

Mshenga hawasemei wanaume wawili kwa mwanamke mmoja. Hilo halipo. Nikilifanya Mwagala hakuna atakayeniita tena hata kumposea mbuzi. Lakini nilitazama mikono yao juu ya zile bastola. Nikichagua mmoja, mwingine atafyatua kabla sijafika kibarazani.

"Wote," nikajibu.

Mwamvuli uliguna. "Aibu hiyo utaibeba mwenyewe," ulisema. "Mimi ni kitambaa na vyuma tu."

Nilipotamka tu, mambo yakabadilika. Kwetu mchumba hasemi neno siku ya posa, mshenga ndiye anayesema. Nyota alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Kitambaa vilevile. Wakashika koo kwa ule mkono mwingine, wakitumbua macho. Mkono wa bastola haukutoka.

Nikaenda kibarazani. Kufika, nikaona si kibaraza cha baa tena, ni baraza la nyumba ya mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hata kinu chake kilikuwa pembeni na mchi ndani yake. Nikavua viatu bila kuambiwa. Nikasimamisha mwamvuli kando ya mlango, nikainua macho.

Uso wa Yule Dada ulikuwa na ukubwa uleule wa siku ile, ukubwa wa shuka zima. Nilisimama chini ya kidevu chake. Mdomo ulikuwa wazi, na ukimya uliotoka humo ulikuwa na baridi, nikausikia mpaka magotini. Nimeingia nyumba nyingi za watu wakubwa, lakini si kama hii.

"Hodi," nikasema. "Dada, habari za hapa. Mimi ni mshenga. Kabla sijasema lolote naomba jina lako, maana siwezi kumposa Yule Dada."

Alifunga mdomo. Akanitazama kule chini nilikokuwa, akaanza kupungua, taratibu, mpaka akawa mwanamke wa kimo changu, mwenye aproni na unga kwenye viwiko.

"Naitwa Lavinia," akasema.

Haikuwa sauti ya Bwana Faraji. Ilikuwa ya kwake. Sauti nzito kidogo, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila maji, na ilikuwa ya kwake peke yake katika mji ule wote. Farasi aliinamisha kichwa. Na nyuma ya anga, kama unavyoona kivuli cha mtu nyuma ya shuka, niliona vichwa vya watu wa Mwagala, safu kwa safu, wamekaa kwenye uwanja wa mnada. Kimojawapo kilikuwa na kilemba cha mama yangu, kimefungwa kama alivyokuwa akikifunga. Wote walikuwa kimya. Mama yangu hakuwa mtu wa kukaa kimya kwenye sinema.

"Lavinia," nikalirudia, ili wasikie. "Tumebishana sana kwetu. Siku ile ulipofungua mdomo, ulitaka kumtaja nani?"

"Sikutaka kumtaja mtu," akajibu. "Nilitaka kuwaambia waingie ndani, chakula kimeiva."

Nikautoa mchi, nikakaa juu ya kinu.

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Maharage yalikuwa mengi." Alijifuta unga. "Wewe ni wa kwanza kuniuliza, kwa hiyo nitakujibu. Nawapenda wote, ndiyo tabu yenyewe. Huyo mwenye beji alinichimbia kisima peke yake, kiangazi kizima. Na huyo mwingine alimuuguza baba yangu, akamwosha, akamgeuza kitandani, mpaka siku ya mwisho. Nitamchaguaje mmoja kwa kumtaja, wakati nikimtaja ndio namwua mwenzake?"

"Kwa hiyo nikawaambie nini?"

Alifikiri. Mtaa mzima ulikuwa ukifikiri naye.

"Kawaambie nitaolewa na atakayefika mlangoni hapa mikono mitupu. Akifika, nitautundika mwamvuli wako ndani."

"Lakini dada, hapa anayeondoa mkono kwanza anapigwa risasi."

"Najua," akasema, na macho yakamjaa machozi. "Ndiyo maana hakuna aliyekuja kula."

Nikauchukua mwamvuli, nikarudi barabarani bila viatu, mchanga ukiniunguza. Niliwaambia kila neno, sikupunguza wala kuongeza. Ndiyo kazi yangu. Niliwaambia na jina lake, na nikaona midomo yao ikilitamka bila sauti.

Kisha hakuna kinachotokea. Jua limesimama. Nyota anamtazama Kitambaa, Kitambaa anamtazama Nyota. Nikajua jambo ambalo picha halikutuambia: walikuwa marafiki, tena wa siku nyingi. Hakuna watu wasiopendana wanaotazamana vile.

"Ndaki," mwamvuli uliita. "Tazama kule."

Ukingo wa anga, upande wa milima, ulikuwa umeanza kuwa wa kahawia. Doa lilikuwa likitanuka, na harufu ya kitu kinachoungua ikaja na upepo. Mkanda. Ulikuwa ukiungua palepale ulipoungua siku ile.

"Jamani," nikawaambia. "Jamani, picha linakatika."

Kitambaa aliangalia anga. Akamwangalia tena rafiki yake. Halafu vidole vyake vikaanza kulegea juu ya bastola, kimoja baada ya kingine, kwa shida, maana vilishasahau kunyooka. Mkono ukatoka. Ulikuwa na alama ya mpini iliyozama kwenye kiganja. Aliutazama kama mtu aliyerudishiwa kitu alichodhani kimepotea.

Hakuwa na hakika kwamba yeye ni steringi. Nakumbushia hilo kwa sababu ndilo lililonishika. Mtu anayejua hafi, kuondoa mkono si kazi. Huyu hakujua.

Akakifungua kitambaa shingoni. Posa haiendi bila kitu, hilo nilishawaeleza na alikuwa amelishika. Lakini ameambiwa mikono mitupu. Akafikiri kidogo, akakifunga kwenye mpini wa mwamvuli wangu, fundo moja zuri, akarudi nyuma akanionyesha viganja vyake vyote viwili. Kilikuwa cha kijivu, kama kila kitu.

Nikaufungua mwamvuli nikamwingiza chini yake. Tukampa Nyota mgongo, tukaanza kutembea.

"Anafanya nini huko nyuma?" nikaunong'oneza mwamvuli.

"Nimetazama juu. Tembea."

Nilisikia bastola ikitoka kwenye mkoba wake. Nikasikia ikikokiwa, kwa! Baridi ikaniingia mgongoni mahali pamoja, hapa, chini ya bega, nikajua ndipo risasi itakapopita. Kitambaa naye alisikia. Hakukimbia. Alitembea mwendo wa mtu anayekwenda kwa wakwe, wala haraka wala pole, na mikono yake mitupu ikining'inia. Nimewasindikiza wanaume wengi kwenye milango ya watu. Sijawahi kumheshimu yeyote kama nilivyomheshimu yule.

Anga lilikuwa likiungua kutoka pande zote. Milima ikaondoka. Farasi akaondoka, akisema, "Kwaherini, mimi si mhusika." Tukafika barazani. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani nilisikia harufu ya maharage. Nikaufunga mwamvuli, nikausimamisha kando ya mlango, kitambaa kikiwa kwenye mpini, nikarudi nyuma kama inavyotakiwa. Mshenga hachungulii.

"Lavinia!" niliita. "Tumefika!"

Jua likatoboka. Kila kitu kikawa cheupe, na nyuma yetu ikalia: paa!

Niliamka. Kulikuwa kumeshapambazuka. Jikoni Nyanzobe alikuwa ameangusha sufuria na alikuwa akiisema.

Nilibaki kitandani nikitazama bati. Lilikatika tena, palepale. Mtu aliondoa mkono kwenye bastola kwa sababu mimi nilimwambia maneno ya mwanamke, na sijui kama alifika au nilimpeleka kufa. Nilisikia uchungu wa kweli, uchungu wa msiba. Nikafuta macho, nikatoka nje kunawa.

Mwamvuli haukuwepo nje ya mlango.

Nilitazama chini ya dirisha, nikatazama bandani kwa kuku. Nikarudi ndani nikitaka kumwuliza Nyanzobe, na hapo sebuleni nikauona. Ulikuwa umetundikwa kwenye msumari ukutani, juu ya meza ya chakula, umenyooka vizuri.

"Nyanzobe, umeuingiza mwamvuli?"

"Mimi?" akajibu kutoka jikoni. "Tangu lini nikaugusa? Nani kauingiza? Utoe!"

Niliushusha polepole. Niliufungua nikauinua kuelekea dirishani, mwanga wa asubuhi ukaupiga. Niliuzungusha kipande kwa kipande, nikitafuta tundu la risasi, maana ile paa ilipolia ulikuwa umesimama mbele ya Kitambaa. Haukuwa na tundu. Hata la sindano halikuwepo.

Tena ulikuwa umetundikwa ndani, kama Lavinia alivyoahidi. Kwa hiyo Nyota hakumpiga rafiki yake. Ile paa ilikuwa sufuria.

Nikakaa. Ndipo nilipoona kwenye mpini, pale penye mkunjo, uzi mmoja wa pamba umenasa, mfupi, umenyofoka kwenye kitu kilichofungwa na kufunguliwa. Nikautoa kwa kucha nikauweka kiganjani. Rangi yake ilikuwa ya ua la boga.

Nilikwenda jikoni nikampokonya Nyanzobe mwiko, nikamfungua mkono, nikamwekea ule uzi. Aliutazama. Akausogeza mlangoni kwenye mwanga, akaugeuza huku na huku kwa kidole, bila haraka yoyote.

"Njano," akasema. "Si niliwaambia?" Akachukua mwiko wake, akarudi kwenye uji.